Sikio la Kulia la Koplo Mwanaidi

Siku askari wapya walipokuwa wakipangiwa kazi kikosini, wasichana walipelekwa kwenye simu, zahanati na stoo. Ilipofika zamu ya Mwanaidi Athumani Likapa, alisimama kwa ukakamavu akaomba apangiwe mzinga. Wenzake walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mzinga wa kutungulia ndege una mitutu miwili, na kasha lake la risasi humlemea hata mwanamume aliyeshiba. Mwanaidi alikuwa mwembamba, kombati likimpwaya mabegani kama nguo ya kuazima.

Mkubwa wa mizinga alikuwa Staff Sajenti Mathayo, Mkinga wa Makete, mtu asiyependa maneno mengi. Alimtazama, kisha akamwonyesha kasha lililokuwa chini. Akamwambia alibebe mpaka kwenye mzinga, arudi, achukue jingine. Mwanaidi akalibeba. La pili akalibeba. Lililofuata lilimponyoka likamchubua muundi, akaliinua tena huku damu ikichuruzika ndani ya soksi. Mathayo alimwacha aendelee mpaka kasha la mwisho, ndipo aliposema, "Kesho uje na soksi nene." Hivyo ndivyo alivyopokelewa.

Mwanaidi ni mtu wa Mahurunga, kwenye korosho na muhogo, mahali ambapo mto Ruvuma uko jirani kiasi kwamba jogoo wa ng'ambo huwaamsha watu wa huku. Bibi yake mzaa baba alikuwa binti mdogo wakati Mreno akipigana upande wa pili. Ndege zikivuka mto, watu walikimbilia kwenye mihogo wakalala kifudifudi. Bibi alizisimulia habari hizo bila kupandisha sauti, huku akimenya ming'oko, viazi vya porini, kama mtu anayeeleza mvua za mwaka fulani. Mjukuu alimwuliza kama hakukuwa na mtu wa kuzizuia ndege hizo. Bibi akasema walikuwepo baadaye, vijana wa jeshi waliokuja na mizinga yao, na tangu siku hiyo watu wakaanza tena kulala ndani ya nyumba zao.

Maneno hayo yalimkaa. Alipomaliza kidato cha nne alijiunga na JKT kwa kujitolea, na baadaye akachaguliwa kuingia jeshini. Baba yake, mzee Athumani, hakufurahi. Alikuwa amezoea kumwona binti yake akipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, bomba mgongoni, akitembea mistari mirefu bila kulalamika, naye alitaka awe mwalimu. Akasema jeshi lina watoto wa watu wengine wa kutosha. Mwanaidi akamjibu kwa upole kwamba hao watoto wa wengine nao wana baba zao. Asubuhi ya safari mzee alimfungia korosho za kubangua, akamsindikiza mpaka barabarani, wala hakusema neno lingine la kumzuia.

Kazi ya mzinga ilimpenda naye akaipenda. Alianza kama mpakiaji, yule anayehakikisha risasi hazikatiki mitutu ikiwa inanguruma. Mwili ulikomaa, mabega yakajaa, kombati likaacha kupwaya. Jioni, wenzake walipokuwa bwaloni wakitazama mpira, yeye alikuwa na Mathayo kwenye meza ya saruji nje ya hanga la kulala, wakipitia picha za vivuli vya ndege: hii mabawa yake yako juu, ile mkia wake umepinda, hii ni ya abiria, ile ni ya vita. Mathayo alikuwa akimwambia kwamba mtu yeyote anaweza kufundishwa kufyatua, lakini askari wa anga kazi yake ya kwanza ni kujua anachokiona. Akapanda, akawa mlengaji. Akapanda tena, akavishwa ukoplo na kukabidhiwa mzinga wake mwenyewe na watu wa kuuendesha. Wakati huo kikosi chake kilikuwa kimehamishiwa Mtwara kulinda pwani ya kusini, kwa kuwa ng'ambo ya mto kulikuwa na watu wenye silaha waliokuwa wakichoma vijiji, na hakuna aliyejua fujo hizo zingeishia wapi.

Ni huko Mtwara alikoolewa na Mustafa, seremala wa Mikindani, mwenye karakana nyuma ya nyumba ya zamani ya mawe. Mustafa hakuwa na neno na kazi ya mkewe. Alichowahi kumwuliza ni kama mzinga una seremala wake, na alipoambiwa una fundi, akaridhika.

Kisha ikaja siku ya zoezi la kulenga shabaha.

Walikuwa kwenye kiwanja cha jeshi, mbali na makazi. Mzinga wa Mwanaidi ulikuwa umekwisha kupiga vizuri, kisha risasi moja ikagoma kulipuka. Walifanya kama walivyofundishwa: mitutu ikabaki imeelekezwa juu, watu wakakaa mbali, wakasubiri muda unaotakiwa, kisha wakasubiri zaidi. Isaya, kijana wa Kilosa aliyekuwa mpakiaji wake, ndiye aliyesogea kuitoa. Mwanaidi alisimama upande wa pili akimsimamia. Alikuwa amesogeza kizibo cha sikio la kushoto ili amsikie Isaya vizuri. Risasi ikalipuka pale pale.

Hakuna aliyekosea. Baadaye wachunguzi walisema hivyo, na Mwanaidi mwenyewe aliamini hivyo. Lakini wakati ule hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alimwona Isaya yuko chini, mkono umefumuka, suruali inawaka moto. Dunia ilikuwa imenyamaza kabisa. Alimburuta kwa mkanda wa kiunoni, akauzima moto kwa mikono na mchanga, akamfunga mkono kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akarudi kwenye mzinga, kwa sababu ulikuwa bado na risasi nyingine ndani na watu walikuwa wanakimbilia pale. Akaufunga, akauweka salama, akanyoosha mkono juu kuonyesha kwamba sasa wanaweza kusogea. Ndipo alipohisi kitu cha moto kikimtiririka shingoni kutoka sikioni.

Isaya alipoteza vidole viwili na akabaki na kovu la paja, lakini alipona, akahamishiwa kwenye udereva. Mwanaidi sikio la kushoto lilikufa. Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba halitarudi, na kwamba hata la kulia litunzwe kama yai. Daraja lake la afya likashushwa. Mkuu wa kikosi alimpongeza mbele ya gwaride kwa kumwokoa mwenzake, na wiki ile ile akampangia stoo ya chakula.

Stoo haikuwa kazi mbaya. Ilikuwa na kivuli, na wapishi walikuwa watu wa mzaha. Lakini kila mizinga ilipotoka kwenda mazoezini, Mwanaidi alikuwa akisimama mlangoni kati ya magunia ya maharage akiitazama inavyoondoka. Alikaa hivyo msimu mzima wa korosho. Baba yake alikuja kumtembelea, akalitazama lile sikio, akasema huenda Mungu amemwambia apumzike. Mwanaidi alimjibu kwamba kama Mungu angetaka apumzike angechukua yote mawili.

Wazo la rada lilimjia huko huko stoo. Kikosi kilikuwa na upungufu wa waendesha rada, na rada husomwa kwa macho. Tatizo lilikuwa taarifa: uelekeo, umbali, kimo na mwendo wa ndege hupelekwa na kupokewa kwa simu, kwa tarakimu, kukiwa na kelele za jenereta na watu wanaosema kwa pamoja. Mwendesha rada akisikia vibaya, mzinga unageukia pasipo na kitu. Alipoligusia jambo hilo kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa hapana, na sababu ilikuwa hiyo.

Hakubishana. Siku za mapumziko alikwenda Mikindani, akakaa chumba cha nyuma na simu kwenye sikio la kulia. Mustafa alikuwa akisimama karakanani, msumeno wa umeme na mashine ya kuranda vikinguruma, akimpigia na kumsomea vipimo vya mbao anavyojitungia. Mwanaidi aliandika alichosikia. Mwanzoni mambo yalikuwa mabaya. Nne ilikuwa nane, nane ikawa nne. Mustafa alitaka kuzima mashine, akakatazwa. Akaambiwa asipandishe sauti pia, kwa sababu kwenye rada hakuna atakayempandishia. Majirani walizoea kumwona fundi akizungumza na mkewe kwa simu ilhali yuko ukuta wa pili, wakadhani wamegombana.

Polepole Mwanaidi aligundua kwamba sikio moja likifundishwa linaacha kutafuta mwenzake. Alijifunza kurudia kila tarakimu kabla ya kuipokea, hata alipokuwa na hakika. Alijifunza kugeuza kichwa kidogo, kama kuku anayetazama punje, mpaka sauti ikae sawa. Mathayo, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, alisikia habari hizo akaja Mikindani Jumamosi moja, akasoma yeye zile tarakimu kwa lafudhi yake ya Kikinga, haraka haraka, bila huruma. Mwanaidi alizipata zote isipokuwa mbili. Mathayo alikunywa chai yake, akavaa kofia, akasema atakwenda kumwona mkuu wa kikosi.

Mkuu aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu mwenye haki lakini mwenye tahadhari, na hakupenda kumweka mtu mahali ambapo kosa lake lingeua wengine. Akamwuliza Mwanaidi kwa nini asikubali kilichompata.

"Afande, lililokufa ni sikio moja," Mwanaidi akasema. "Mimi bado nipo."

Mkuu akasema atapimwa pamoja na wengine, kwa kiwango cha wengine, na akishindwa hatarudi kuomba tena. Akapimwa. Akafaulu, si wa kwanza, ila katikati ya kundi, na yeye aliona fahari kuwa katikati, maana hakuna aliyempunguzia kitu.

Kibanda cha rada kilikuwa upande wa Msimbati, kwenye mwinuko unaotazama mahali Ruvuma inapomwaga maji yake ya udongo baharini. Kilifunikwa kwa wavu wa kijani na kuzungukwa na minazi. Kazi yenyewe kwa siku nyingi ni kuona kile kile: ndege ya abiria ya Dar es Salaam ikija na kuondoka, helikopta za wachimbaji wa gesi, makundi ya ndege wa majini wanaojifanya kitu kikubwa kwenye kioo cha rada. Mwanaidi alivijua vyote kama mtu anavyojua mbuzi wa jirani.

Asubuhi moja ya masika, mawingu yakiwa yameshuka mpaka juu ya mikoko, alama ilitokea kusini. Ilikuwa chini sana, ikija kaskazini, ikivuka mto. Wiki hiyo vijiji vya ng'ambo vilikuwa vimeshambuliwa tena na kikosi kizima kilikuwa kwenye tahadhari. Mwanaidi akatoa taarifa. Luteni Anold, afisa wa zamu, kijana mtulivu wa Bukoba, akauliza uwanja wa ndege wa Mtwara, wakasema hawana taarifa ya ndege yoyote kutoka upande huo. Ikaitwa kwa redio kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kireno. Kimya. Mizinga ikageuzwa, walengaji wakakaa vitini. Luteni akampigia mkuu wa kikosi, kwa kuwa amri ya kufyatua ilikuwa ya mkuu peke yake.

Alama iliendelea kuja. Mwanaidi aliisoma: uelekeo, umbali, kimo, mwendo. Sauti yake haikubadilika, lakini kuna kitu kilianza kumsumbua. Mwendo ulikuwa unapungua. Kimo kilishuka, kikapanda kidogo, kikashuka tena. Halafu alama ikaacha njia yake, ikaanza kuzunguka juu ya mdomo wa mto, mzunguko mpana, kisha mwembamba zaidi. Ingeendelea hivyo kidogo ingefika Msimbati, juu ya nyumba za watu.

Luteni alimpa kipokea simu. "Mkuu anataka kukusikia wewe mwenyewe."

Mwanaidi alikiweka kwenye sikio la kulia. Mvua ilikuwa inapiga bati, jenereta linanguruma. Mkuu akamwuliza anaona nini.

"Ndege ndogo, Afande. Inapoteza nguvu. Inazunguka kama mtu anayetafuta pa kutua."

"Una uhakika?"

Aliwakumbuka watu waliokaa nyuma ya mizinga, ambao aliwahi kuwa mmoja wao, wenye vidole tayari na wanaomngoja yeye. Alizitazama nyumba za Msimbati kwenye ramani. Angeweza kusema hana hakika, na uamuzi ungebaki wa mkuu peke yake.

"Sina uhakika ni nani aliyemo," akasema. "Kwamba haijaja kupiga, nina uhakika. Anayekuja kupiga hapotezi mwendo juu ya shabaha, wala hazunguki mahali pamoja penye mizinga."

Mkuu akasema mizinga ibaki imelenga, mtu yeyote asifyatue bila sauti yake, na gari lipelekwe ufukweni mara moja. Mwanaidi akarudia amri hiyo neno kwa neno. Kisha akaendelea kusoma kimo, ambacho sasa kilikuwa kinaisha.

Alama ikapotea kwenye kioo. Zikapita dakika kadhaa. Luteni Anold alikuwa ameshika ukingo wa meza. Halafu redio ya gari ikalia, na sauti ikawa ya Isaya, aliyekuwa ameendesha mpaka kwenye mchanga. Alisema ndege imetua kwenye ufuko uliokauka kwa maji kupwa, imevunjika gurudumu na bawa, na watu wako hai.

Walikuwemo rubani, muuguzi mmoja na majeruhi waliokuwa wakitolewa kwenye mapigano. Radi ilikuwa imeua umeme wa ndege yao, redio ikafa, nao wakapotelea mawinguni wakidhani bado wako upande wao wa mto. Walengaji waliokuwa wamewalenga waliteremka na kuwabeba majeruhi mpaka kwenye gari, na jioni walikuwa hospitalini mjini. Mwanaidi hakuwaona. Zamu yake ilikuwa haijaisha, na anga lilikuwa bado na mawingu, na mtu mwingine angeweza kutokea. Alikaa kwenye kioo mpaka alipopokewa. Baadaye Isaya ndiye aliyemweleza kwamba muuguzi aliposhuka alikaa kwenye mchanga wenye maji, akauliza kwa Kiswahili cha kwao hii ni nchi gani, na alipoambiwa akaanza kulia.

Usiku huo Mwanaidi aliirudia mizunguko ile kichwani mpaka akachoka. Alikuwa amepatia. Hata hivyo alijua kuwa sehemu ya jibu lake ilikuwa ni kukisia, na hilo halikumpendeza. Watu walipompongeza bwaloni, akaitikia kwa heshima, na kesho yake akaenda kwa Luteni Anold kuomba apelekwe kozi ya juu ya rada. Luteni alimwambia watu hupumzika kidogo baada ya jambo kama lile. Mwanaidi akasema angependa apumzike akiwa anajua zaidi. Mkuu wa kikosi alilipitisha ombi bila kumwita.

Kozi ilikuwa ngumu. Aliikuta hesabu aliyoiacha shule, akaanza nayo upya, akiketi mbele kabisa upande wa kushoto wa darasa ili sikio la kulia liwe kwa mwalimu. Walikuwa wamekwisha kupata mtoto; Mustafa alibaki naye, akisaidiwa na mama yake. Mwanaidi alirudi na cheo cha sajenti, na sasa ndiye anayewafundisha waendesha rada wapya wa kikosi. Hufundisha kwa ukali. Hawaruhusu wazime jenereta wakati wa mazoezi, na mtu akipokea tarakimu bila kuirudia, anaanza upya. Anayeonekana karibu na mzinga bila viziba masikio humfukuza kiwanjani, awe nani.

Mzee Athumani alikuja Mtwara mwaka jana, mkataba wa binti yake ulipokuwa unafikia mwisho wake. Angeweza kuondoka na kiinua mgongo chake, na Mustafa alikuwa amepata eneo zuri mtaa wa Ufukoni la kupanua karakana. Walikaa barazani Mikindani, mzee akibangua korosho, Mustafa akinoa patasi.

Mzee alisema, kwa kuzunguka, kwamba mikorosho imezeeka na inahitaji mtu wa kusimamia kupanda mipya ile ya kituo cha utafiti cha Naliendele. Mwanaidi akasema atakuja likizo, atapanda, na atapalilia pia.

Mustafa akasimamisha jiwe la kunolea. "Bado unataka?" akamwuliza mkewe, kwa sauti ya kawaida, upande wa kulia.

"Bado," akasema Mwanaidi.

Mzee akachota korosho zilizobanguliwa, akamsogezea bakuli. Jumatatu yake Mwanaidi alikwenda kikosini kutia saini ya kuendelea, kisha akapitiliza Msimbati, maana zamu yake ilikuwa inaanza adhuhuri na kulikuwa na wanafunzi wapya wanaomngoja.